Karatasi Iliyokunjwa

Fundi alikataa kumpigia mama yake simu. Simu ilikuwepo, mezani, katika ofisi ndogo ya nyumba ya hifadhi, na Dada Miwani alikuwa ameisukuma tena mbele yake kama mtu anayembembeleza mtoto ale.

"Mpigie tu asikie sauti yako," Dada Miwani alisema. "Mama wa watu hajui hata kama uko hai."

"Nitampigia."

"Lini sasa?"

"Siku tukiwa wawili. Nikimpigia peke yangu, kitu cha kwanza ataniuliza mwenzangu yuko wapi. Wewe dada ungemjibu nini?"

Dada Miwani akaanza kuitafuta miwani yake juu ya meza, na miwani yenyewe iko kichwani, kama kawaida yake. Ndiyo maana wanawake wa nyumba ile walimpa jina hilo, naye akalipokea bila kununa. Alikuwa afisa wa shirika dogo ambalo kazi yake ni kuwatafuta watu waliofungiwa mahali na kufanyishwa kazi kwa nguvu, kuwatoa, na kuwatunza mpaka wapate nguvu ya kurudi kwao. Shirika lenyewe lilikuwa na gari moja la kusukumwa kila asubuhi, nyumba ya kupanga, na watu wachache wasiojua likizo ni nini.

Wako wanaodhani utumwa uliisha zamani, ukaingizwa kwenye vitabu vya shule, watoto wakaufanyia mtihani na mambo yakaishia hapo. Watu hao wangekaa siku moja tu pale mlangoni wakawatazama wanaoingia, wangeona haya. Anaingia mpishi aliyefungiwa jikoni na watu wenye heshima zao. Anaingia mpiga matofali ambaye hajaonana na wanawe tangu wakiwa wa kubebwa. Na msimu ule aliingia Fundi, kidole kimevimba mpaka kucha imepotea, hana kitambulisho, hana viatu, anauliza swali moja tu: lini mtamtoa mdogo wangu?

Kwao, Fundi na mdogo wake walikuwa dada wawili washonaji, na kibaraza chao kilikuwa na wateja wa kutosha na wengine wa kuzidi. Mdogo mtu aliitwa Chiriku, na asiyejua sababu angekaa naye kidogo tu angeijua. Chiriku aliongea akishona, aliongea akila, na mama yao aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akisimulia. Wateja walikuja kupimwa nguo wakasahau kuondoka. Fundi alikuwa kinyume chake, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Alimwachia mdogo wake apige domo kwa niaba ya wote wawili.

Siku moja akaja mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya upole. Hakuwaahidi pepo. Angewaahidi pepo wangemtilia shaka. Alitoa shati la shule, akawaomba washone mfano wake, akaligeuza ndani nje na kukagua mshono mmoja mmoja, akasema mikono kama hiyo ndiyo inayotafutwa kiwandani kwao. Hicho ndicho kilichowaponza: kazi yao ilisifiwa na mtu aliyeijua kazi. Chiriku akaruka kwa furaha. Fundi akasitasita, kisha akakubali. Mama yao alipowasindikiza hakusema mengi. Alimshika Fundi mkono, akamwambia, "Umtazame mwenzako."

Kiwanda kilikuwa jengo refu lisilo na kibao wala dirisha la kufunguka, limegawanywa katikati na ukuta. Huku na huku, kama walivyoonyeshwa siku ya kwanza, mambo yalikuwa sawasawa: chumba kirefu cha cherehani, chumba cha kulala, choo na bomba, na mwisho mlango wa chuma unaotokea mtaani. Upande wa kwanza ulitazama mtaa wa mbele, upande wa pili mtaa wa nyuma. Milango ilifungwa kwa nje. Vitambulisho vyao vilichukuliwa siku waliyofika, eti vinakwenda kuandikishwa, na ndiyo ikawa kwaheri. Walishona mashati tangu taa inapowashwa mpaka inapozimwa.

Kuongea kulikatazwa. Chiriku alipoambiwa hivyo alidhani ni utani. Msimamizi alimfokea, akampiga, akamnyima chakula, na alipochoka naye akamhamishia upande wa pili, ili asiwe na dada wa kumsikiliza. Fundi akabaki upande wa kwanza akimsikiliza kupitia ukutani. Sauti ya mdomo haikupenya, ila ya cherehani ilipenya. Kila mshonaji ana mwendo wake, na mwendo wa Chiriku ulikuwa kama maneno yake: anakimbia, anakimbia, anasimama ghafla kama mtu anayevuta pumzi, anakimbia tena. Ndani ya mngurumo wa mashine zote zile Fundi aliuchambua ule mmoja, akajua hata kiti unakotoka, na akiusikia aliweza kuimaliza siku.

Kisha sindano ikamtoboa kidole. Akafunga kipande cha kitambaa, akaendelea kushona, kidole kikaoza. Homa ilipopanda akaanza kuweweseka, na msimamizi, kwa kuogopa kubaki na maiti mikononi, akampakia garini akiwa amefunikwa uso na kumtupa nje ya hospitali. Muuguzi aliyemwokota alikuwa na namba ya shirika. Hivyo ndivyo Fundi alivyotoka, bila kumuaga mtu.

Shirika lilihangaika wiki nyingi mpaka likalijua jengo lilipo. Polisi na wakaguzi wa kazi walikubali kuingia, lakini kwanza walitaka kujua ndani kukoje. Waliwahi kuingia mahali kama hapo kichwakichwa, watu wakiwa wamefichwa darini juu yao, wakatoka mikono mitupu. Safari hii hawakutaka kubahatisha.

Kwa jambo hilo shirika lilikuwa na utaratibu wake, na haukuwa wa kuchezea. Aliyetoka ndani huchora mwenyewe. Haongozwi, haulizwi kama kuna mlango hapa au dirisha pale, haonyeshwi mchoro wa mwingine. Kesi yao moja ilikuwa imeanguka mahakamani baada ya wakili wa matajiri kusema shahidi alilishwa maneno. Tangu hapo Dada Miwani aliruhusiwa maswali mawili tu: umemaliza? Kuna la kuongeza?

Walimpa Fundi kalamu. Akaishika kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi na kalamu hatujuani," akasema. "Hamna chaki ya fundi? Na karatasi kubwa?"

Mlezi wa nyumba, mama mnene asiyeishiwa maneno, alikwenda chumba cha ushonaji, ambako wanawake wa hifadhi walifundishwa kazi, akarudi na chaki nyeupe na karatasi ya kaki. Fundi aliitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja, akaikunja katikati, pembe kwa pembe, na kupitisha ukucha juu ya mkunjo. Alifanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi. Mgongo wa shati hauchorwi wote. Kulia kwake ni kushoto kulikogeuzwa, kwa hiyo fundi huchora nusu, mkunjo ukiwa katikati, anakata mara moja, na akikunjua, mgongo mzima uko mikononi mwake. Anayechora pande zote mbili ni mwanafunzi, tena wa juzi, na hata hivyo pande zenyewe hazitalingana.

Mkunjo ukawa ule ukuta wa katikati. Kutoka hapo Fundi akaweka cherehani, mstari kwa mstari, kiti cha msimamizi, swichi ya taa, bomba, chumba cha kulala na jinsi magodoro yalivyopangwa, mlango wa chuma na upande unaofungukia. Mwisho akatia msalaba mdogo juu ya kiti kimoja karibu na mkunjo.

"Hapo ndipo anapokaa mdogo wangu," akasema.

Hilo nalo lilikuwa la kazini. Mfuko wa kifuani huwa upande mmoja tu wa shati, lakini alama yake fundi huiweka kwenye ile ile nusu aliyoichora, na upande wenyewe anaujua kichwani.

Dada Miwani aliitazama karatasi. Hakuwahi kupokea mchoro safi kama ule. Mkunjo aliuona. Alidhani karatasi imekunjwa ili ienee mezani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuna la kuongeza?"

Fundi akaupitia tena mchoro wote kwa makini, kama anavyoipitia nguo kabla ya kumkabidhi mteja. "Hakuna," akasema. "Jengo lote hilo."

Dada Miwani akaupiga picha, akaituma kwa wakaguzi.

Asubuhi waliyokwenda, Fundi hakuruhusiwa kuandamana nao. Akaanza kukata gauni la Chiriku, kitambaa cha maua ambacho mlezi alikuwa amekificha kwa siku kuu na sasa alikitoa bila kuombwa.

"Umempima kwa macho gani wewe?" mlezi aliuliza. "Mtu hayupo unamkatia gauni!"

"Huyo namjua kuliko futi."

"Na akiwa amenenepa?"

"Kule hakuna wa kunenepa, mama."

Mlezi akaenda kutandika vitanda. Fundi alimfuata na kumwomba kitanda cha Chiriku kiwe karibu na chake. Tena akamwomba msamaha mapema, maana mgeni anayekuja anaongea mno, watu hawatalala.

"Aongee mpaka achoke," mlezi akajibu. "Nyumba hii imenyamaza vya kutosha."

Gari lilirudi kabla ya mchana. Wanawake waliteremka mmoja mmoja, wamejikinga macho na jua, wengine hawajui washike wapi. Fundi aliwajua wote. Alimkumbatia kila aliyeshuka, akawataja kwa majina ya utani waliyopeana kwa ishara, akalia, akacheka, na kila mara shingo yake ilirudi kwenye mlango wa gari. Gari likabaki tupu. Akaenda kuchungulia ndani, labda kuna aliyejikunja chini ya kiti.

Dada Miwani alikuwa akitabasamu, na watu wa nyumba ile hawakuwa wamezoea kumwona hivyo. "Mdogo wako ndiye huyu, si ndiyo? Nilimtoa mwenyewe kwenye kiti ulichotia alama. Hajasema neno njia nzima. Nikajua ni mshtuko."

Alikuwa amemshika mkono mwanamke mfupi, wa makamo, anayetazama chini.

"Huyu si mdogo wangu," Fundi akasema.

"Lakini kiti ni kile kile."

"Ni kile kile, cha upande wa pili."

"Upande gani wa pili?"

Fundi aliingia ofisini mbio, karatasi ikiwa bado imebandikwa ukutani, akaivuta ikachanika kidogo juu, akaiweka mezani na kuikunjua. Upande mmoja ulijaa chaki, cherehani, magodoro, mlango. Upande mwingine haukuwa na kitu chochote, kaki tupu.

Dada Miwani aliitazama. Kisha akapitisha kidole juu ya mkunjo.

"Nilikuuliza kama umemaliza," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nilikuwa nimemaliza! Dada, karatasi imekunjwa, unaiona kwa macho yako, hukuikunjua? Shati gani lina mkono mmoja?"

"Sikuruhusiwa kukuuliza kitu kingine."

Mmoja wa wanawake waliotoka alikuwa amesimama mlangoni. "Sisi tuliwaambia," akasema. "Tulimwambia askari kuna wenzetu nyuma ya ukuta. Akasema tutulie, kila kitu kina mpango wake."

Ukitafuta wa kulaumiwa hapa utampata yule askari, na umlaumu kwa nguvu zako zote. Lakini kabla yake utawakuta wawili, na wote wawili walikuwa wakifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Mmoja alichora kama fundi bora anavyochora. Mwingine aliuliza kama utaratibu unavyoagiza, na utaratibu wenyewe uliwekwa kuwalinda watu kama Fundi. Hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii, na sijapata bado wa kumpelekea hasira yangu ikamtosha.

Gari lilirudi mbio. Fundi alipanda na hakuna aliyethubutu kumzuia. Walizunguka mpaka mtaa wa nyuma, mtaa wa mafundi viatu na maduka ya vyuma, wakaukuta mlango wa chuma uko wazi, kufuli limening'inia. Ndani taa zilikuwa zinawaka. Magodoro yalipangwa kama Fundi alivyoyapanga kwenye karatasi. Feni ilikuwa bado inazunguka juu ya viti visivyo na watu.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye kiti karibu na ukuta. Kilikuwa na mto mdogo wa vipande vya nguo, ulioshonwa kwa rangi zote zilizopatikana, na hata bila mto ule angekijua. Kwenye cherehani kulikuwa na shati, sindano imezama katika kola. Fundi aliinama akautazama mshono. Ulikuwa umekimbia, umekimbia, ukasimama ghafla. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine na kilikuwa na joto.

Mshona viatu mmoja wa ng'ambo ya barabara alisema aliwaona wakipakiwa kwenye lori, si muda mrefu, upande wa mbele ukiwa umejaa polisi. Alidhani ni wafanyakazi wanahamishwa. Walikuwa kimya wote isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa akiongea bila kukoma, mpaka mtu akamziba mdomo.

"Alikuwa anasema nini?" Dada Miwani aliuliza.

"Sikusikia vizuri, mama. Kelele za pale mbele zilizidi."

Fundi aliketi ukingoni mwa barabara na kulia kwa sauti, mbele ya wapita njia, na Dada Miwani akaketi kando yake bila kumgusa.

Shirika halikulala. Jina la Chiriku na maelezo ya sura yake yalipelekwa mipakani, bandarini, kwa mashirika mengine ya nchi za mbali ambayo watu wake Dada Miwani hakuwahi kuonana nao ila kwa simu. Wale waliotoka upande wa kwanza walipona polepole, wakapata vitambulisho vipya, wakaanza kurudi makwao. Mwenye jengo alishtakiwa, na kwa mara ya kwanza shahidi hakuambiwa kwamba alilishwa maneno. Kila mtu alisema ni ushindi. Fundi aliposikia neno hilo alitoka chumbani.

Siku hizi karatasi ya kuchorea imegandishwa juu ya ubao na kupigiwa vijimisumari pembeni, haikunjiki. Dada Miwani aliipigilia mwenyewe. Fundi hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakumwambia kwamba hajamsamehe. Walikula meza moja, na miwani ilipopotea Fundi ndiye aliyemwonyesha ilipo.

Fundi akawa mwalimu wa ushonaji pale pale hifadhini. Wanafunzi wake humpenda, ila wana jambo moja wanalolinong'ona. Mwalimu hakunji kitambaa. Mgongo wa shati anauchora wote, kushoto kisha kulia, kwa mkono ule ule unaoweza kufanya hivyo kwa macho yaliyofumbwa, na pande hazilingani sawasawa, na muda unapotea. Mmoja aliwahi kumuuliza sababu, akaambiwa aendelee na kazi yake. Gauni la maua limetundikwa ukutani, limekwishapigwa pasi, na linapigwa pasi tena kila vumbi likiligusa.

Kisha Dada Miwani akaja na habari kwamba mwanamke wa mwisho wa upande wa kwanza amepata nauli, na njia yake inapita mji wa kwao na Fundi. Hakuhitaji kumaliza. Mdomo wa watu ungefika kwa mama kabla ya mwanawe, na ungefika na chumvi. Fundi aliingia ofisini, akaivuta simu mwenyewe.

Iliita sana. Kisha ikapokewa.

"Shikamoo mama. Ni mimi."

Likatoka yowe, na kitu kikaanguka na kuvunjika huko. Mama alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akiwaita majirani waje wasikie. "Marahaba mwanangu! Marahaba, marahaba! Niliwaambia, hawa wakasema nimerukwa na akili, niliwaambia wanangu wazima! Unaumwa? Umekula? Mbona sauti yako imekuwa nyembamba hivyo?"

"Mimi mzima, mama. Nimekula."

"Na huyo mwenzako? Yuko hapo, namjua, anajibana asicheke. Mpe simu."

Fundi alifungua mdomo. Dada Miwani, aliyesimama dirishani, aligeuza uso.

"Mwambie aache michezo yake," mama akasema, bado akicheka, majirani wakicheka nyuma yake. "Chiriku! Tangu lini wewe ukanyamaza? Haya, mpe simu mwenzako, nimsikie."

Fundi aliitoa simu sikioni, akainyoosha mbele yake juu ya meza, kama vile kuna mtu wa kuipokea, na kutoka ndani yake sauti ya mama ikaendelea kumwita Chiriku.